Kimya ya Mama Emérita

Mu cité ya Masisi, upande wa juu ya soko, hakuna muntu alijua kusifu nyumba yake kama Mama Emérita. Yeye na marehemu bwana yake njo walifyatua yale matofali, wakayachoma wenyewe. Jirani yake Adelaïde alilala mu nyumba ya mbao, na kila upepo ukivuma, Emérita alimuita juu ya ua: "Adelaïde, ungali humo? Ao sanduku yako imeshapaa?"

Siku moja injenia mumoja, Théoneste, akafika kutoka Goma na mashini ndogo kama sufuria yenye kifuniko. Akaomba kuifukia mu kiwanja ya Emérita.

"Mama, chini ya hii cité kunapita ufa ndani ya mawe, mbali sana, macho haiuone. Hii mashini inasikiliza udongo ukitikisika, tujue ufa unapita wapi. Nitarudi kisha juma moja."

"Na mukishajua?"

"Nyumba zenye ziko juu yake, tutaona cha kufanya."

Hayo maneno njo yalimukosesha Emérita usingizi. Kwake, kuona cha kufanya ilikuwa kubomoa tu. Akawaza: mashini isiposikia kitu, watasema ufa hauko, na matofali yangu yatabaki.

Asubuhi akaingia kwa Adelaïde, akanyakua mutwangio wa kinu.

"Mama Emérita! Sombe yangu, haya majani ya muhogo, nitaitwanga na midomo?"

"Kula maharagi. Maharagi haina kelele."

"Labda kwako!"

Akapanda mpaka kanisani kwa Papa Esdras, mukubwa wa kwaya. "Ngoma ipumzike. Mungu anasikia hata nyimbo ya polepole."

"Mama, tukiacha ngoma, waimbaji wa sauti nzito watalala."

"Walale. Lakini wasikorome."

Esdras mwenyewe iko munene. Akipita mbele ya kwake, Emérita alimuvulisha viatu. Mbuzi zikafungwa mbali. Watoto wa kuruka kamba wakafukuzwa. Kartie yote, mutaa muzima, ikatembea kama kwenye mugonjwa, maana tetemeko linapita, lakini ulimi wa Emérita haupite.

Théoneste akarudi, akafungua ordinateri, kompyuta yake, karibu acheze kwa furaha.

"Mama, asante sana! Pahali pengine pote nilipoifukia, mashini ilisikia kinu tu, tu-tu-tu. Hapa kwako kimya kabisa! Hata mitikisiko yenye muntu hawezi kusikia, imeonekana wazi. Ufa tumeupata!"

Emérita akakaa juu ya jiwe. "Unapita wapi?"

Théoneste akanyoosha kidole: kwenye mulango, jikoni, kisha moja kwa moja chini ya kitanda.

"Basi bomoeni."

"Nani alisema kubomoa? Ila matofali ikianguka inaua. Mbao inacheza na udongo. Chumba cha kulala, ujenge cha mbao. Ona ile ya jirani, iko muzuri sana."

Nyuma ya ua, Adelaïde alikuwa anacheka mpaka miti ya ua inatikisika.

Théoneste akaondoka na mashini yake. Jua lilipokuwa linashuka, mutwangio ukatokea juu ya ua.

"Kamata kitu yako. Twanga, nina hamu ya sombe."

"Asante, mama."

"Na yule fundi wako wa mbao, umuite."

"Unataka sanduku?"

"Ya kulala tu! Muchana nitakaa mu matofali yangu. Na umuambie alete misumari mirefu kuliko ya kwako."