Siku Mama Alipokataa Kuonja

Mama yangu alipika komoni tamu kuliko wote Mjimwema, na sijawahi kuona mtu aliyeichukia pombe kama yeye ilipomzidi mtu nguvu. Anayetaka kucheka na acheke. Ulikuwa wakati wa ruksa, biashara zilipofunguliwa nchini, grosari zimechipuka kila kona ya Songea na bia za kopo kutoka nje zimepangwa madirishani. Wakulima na mafundi wetu walibaki na komoni, pombe yetu ya mahindi, kwenye klabu ya mtaa ambako akina mama walipika kwa zamu.

Serikali haikuwa mbali. Bwana afya alikuja kukagua mapipa na choo, na ukutani palibandikwa tangazo la kata: hakuna kuuza kabla ya saa kumi jioni. Mama alilifuata. Mimi niliona ni utani mtupu, maana mlevi anajua kusubiri.

Aliyejua kusubiri kuliko wote alikuwa mjomba wangu, mdogo wa mwisho wa mama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwandiko wake ubaoni ungedhani umechapwa na mashine. Saa kumi kamili alikuwa mlangoni pa klabu, hajavunja sheria yoyote. Tatizo lilikuwa asubuhi, aliposhindwa kuamka. Barua ya kwanza ya onyo ikaja, ya pili ikaja, kisha mwalimu mkuu, ambaye alimpenda, akafika mwenyewe nyumbani kumwambia mama kwamba ya tatu itakuwa ya kumwachisha kazi.

Mama akajifunga khanga akaenda ofisi ya kata, nami nikamfuata. Akaomba mdogo wake apigwe marufuku klabuni. Mtendaji alimsikiliza vizuri, sina la kumlaumu.

"Mama yangu, sheria imenipa saa za kufungua na usafi wa choo," alisema. "Mtu mzima akinywa ndani ya saa hizo, nimkamate kwa kosa gani?"

"Kwa hiyo sheria yenu inaijua saa, mtu haimjui."

"Ndiyo hivyo, mama."

Mimi nilitoka pale nimefura kwa hasira. Mama hakukasirika. Alijua kwamba hata akimnyima mjomba pombe, mjomba angemtuma mtu amnunulie.

Zamu yake ikafika, Jumamosi. Kwetu mpika pombe huonja kwanza mbele ya watu, ili wanywaji wajue haina neno. Asipoonja, hakuna anayegusa. Saa kumi ilipotimia mama akachota kopo la kwanza, akalishika kidogo, akaliweka chini.

"Leo sionji."

Seremala mmoja mzee akauliza, "Imeharibika, mama?"

"Haijaharibika, baba. Mdogo wangu yule pale amebakiza barua moja tu afukuzwe kazi. Siwezi kumtoa humu, ni mtu mzima, hata serikali imeniambia hivyo. Lakini nikionja nitakuwa nimemwambia pombe hii ni salama kwake. Nitakuwa nimemdanganya."

Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Kazi ya wiki nzima, kuloweka, kusaga, kukesha na moto, yote ingemwagwa, na wale wanaume wangeweza kumtukana wakahamia grosari. Hakuna aliyeinuka. Mjomba alikuwa amekaa, viwiko juu ya magoti, anaangalia sakafu. Nilimwonea huruma mpaka nikamchukia mama kwa dakika moja. Na katika dakika hiyohiyo nilimvulia kofia, na sijaivaa tena hadi leo.

Mjomba akasimama.

"Dada, onja," alisema. "Watu wana kiu."

Akatoka kwa miguu yake mwenyewe. Mama akangoja mpaka alipopita uzio, ndipo akaonja, akaanza kuwahudumia watu.

Jumatatu, kabla ya kengele ya shule, mjomba akapiga hodi, shati limepigwa pasi. Nyumba yetu haikuwa njia yake, alikuwa amezunguka makusudi.

"Shikamoo dada. Nimepita unione."

Mama akamtazama machoni. "Marahaba. Nenda, watoto wanakusubiri."

Akawa anapita kila siku ya kazi, na hakuna aliyemwagiza. Sitasema uongo kwamba mambo yalinyooka moja kwa moja. Mwezi wa pili tangu aanze kupita, hakuonekana siku mbili, na zote mbili mama alisimama mlangoni mpaka jua likapanda, chai yake imepoa ndani. Siku ya tatu alikuja, macho mekundu, akabaki mbali kidogo na mlango.

"Dada, leo usinitazame."

"Nakutazama," mama alimjibu. "Na kesho nitakutazama."

Kesho yake alikuja.