Uso wa Juu ya Mlango Mkubwa

Jumba la Carrowmeen, huko Galway, lilijengwa kwa imani moja: kwamba nguo hujifua zenyewe. Ukisimama mbele yake huoni dobi, jiko wala zizi. Waona nyasi, nguzo na madirisha ishirini, manne kati yake yamechorwa tu kwa rangi ili kulia na kushoto kulingane. Majengo ya kazi yalifichwa nyuma ya kilima, na watumishi walipita chini kwa chini, ndani ya handaki la mawe, wasije wakawaharibia wakubwa mandhari. Makubwa haya!

Honora Tuohy alipita humo miaka thelathini na moja, kapu la mashuka kiunoni, na mbele ya jumba hajapaona hata siku moja. Kulikatazwa, naye alikuwa na watoto wa kulisha. Lakini hamu ilimkereketa. Baba yake, fundi mawe, ndiye aliyechonga uso wa mwanamke juu ya mlango mkubwa, na kabla hajafa alimwambia ni uso wa mama yake, aliyefariki siku ile ile Honora alipozaliwa. Picha nyingine haikuwepo. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Honora kainama weee, kumbe chake kiko juu.

"Huyo atakuwa na macho yaliyonyooka," Peig, mwenziwe wa kufua, alizoea kumtania. "Siyo hayo makengeza yako, jicho moja sokoni, moja kanisani."

"Mimi angalau naona pande mbili. Wewe hata doa la mchuzi huoni."

Kisha bwana mzee akafa. Kwa mila yao, watumishi wote hupangwa mbele ya jumba kuliaga jeneza. Asubuhi hiyo Peig akaja mbio.

"Nora, leo uangalie vizuri. Bwana mpya kaita fundi. Kesho ule uso unang'olewa, wageni wanasema una kasoro."

Jeneza likatoka. Watu wote wakainamisha vichwa, Honora akainua chake. Juu ya mlango alikuwapo msichana wa miaka ishirini na miwili, pua imemeguka kidogo. Jicho la kulia lilimtazama yeye. La kushoto lilielekea bustanini. Honora akaangua kilio, na wakubwa wakaguswa sana kuona jinsi alivyompenda marehemu.

Bi Gormley, msimamizi wa wanawake, akamfinya. "Unatazama nini huko juu, we mwanamke? Jeneza liko chini!"

"Namtazama mama."

Siku ya pili fundi alileta kifusi nyuma ya kilima kwa toroli. Kule kwa madobi palikuwa na sanduku kubwa lililojaa mawe, la kuvutwa huku na huku juu ya mashuka mpaka yanyooke. Honora akaliomba lile jiwe.

"La nini, mama? Lina makengeza hilo."

"Na mimi je?"

Fundi akamtazama, akalitazama jiwe. Akavua kofia, akamsaidia kulibeba.

Peig aliondoa mawe mawili sandukuni kupata nafasi. Utani wote ulikuwa umemwisha.

"Tumlaze kifudifudi?"

"Chali, anione," Honora akasema. "Haya, vuta. Tuna mashuka arobaini."