Mawaridi Ambayo Mama Hakuwahi Kuyakaribia

Mwezi uliopita nilimpeleka mama bustanini, na mpaka leo hasira haijanitoka.

Kama uliwahi kupita Lufingo, bustani yenyewe unaifahamu: ile ya mawaridi, iliyopandwa na wazungu wa chai kabla baba hajazaliwa. Mtunzaji wake alikuwa babu, mzaa baba. Mvua ikikatika asubuhi, harufu ilivuka wigo na kutufuata mpaka jikoni, mama akimenya ndizi za kupika mbalaga. Alisimamisha kisu, akavuta pumzi, kisha akaendelea.

Lakini kuingia, hapana. Kwa Wanyakyusa wa enzi zake, mkamwana hakutani na baba mkwe, hamtazami, na pale anapofanyia kazi hapakanyagi. Babu akihisi mtu njiani alikohoa kwa nguvu, na mama, mzigo wa kuni kichwani, alijitosa migombani akajifunika kanga mpaka apite. Mwinjilisti alimwambia mambo hayo yamepitwa na wakati. Mama akaitikia amina, kesho yake akajitosa migombani kama kawaida. Sisi watoto tulicheza humo bustanini siku nzima. Tukirudi, mama alitunusa nywele.

Babu alipofariki lango lilifungwa, miaka ikaenda. Mwaka huu wenye mali wapya wakalifungua kwa wageni.

"Sasa hakuna wa kunikoholea," mama akasema. "Nipeleke, mwanangu, nikayanuse kwa karibu kabla sijafa."

Akavaa kitenge cha kanisani, tukaenda. Mawaridi yalikuwepo, mekundu, makubwa, yamepangwa kama wanafunzi mstarini. Mama akainamia moja, akahamia jingine, akarudi kwenye lile la kwanza. Akanigeukia. "Pua yangu imekufa?"

Kijana anayetembeza wageni akacheka kwa upole. "Shikamoo, bibi. Haya ni ya kisasa, hayanukii, ila yanadumu. Yale ya zamani yalikuwa na miiba kibao, maharusi wakija kupiga picha yanachana shela. Tuliyang'oa yote kabla ya kufungua."

Yote! Hata shina moja hawakubakiza. Nilitaka kufoka, mama akanishika mkono. Akamwuliza yule kijana, "Siku mliyoyang'oa, yalikuwa yananukia?"

Kijana akakuna kichwa. "Kusema kweli sikusikilizia, bibi. Tulikuwa tunawahi kumaliza."

"Ndaga," mama akamshukuru, akageuka tuondoke.

Nimekasirika, rafiki yangu, wala sijui nimkasirikie nani. Mama alibaki nje ya wigo ule ujana wake wote kwa ajili ya heshima. Walioingia na sululu hawakunusa hata kidogo.