Karatasi Iliyofika Ujiji

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Ujiji, ambako babu yangu alifika mara tatu na mzigo begani, mimi nimeiona kwenye ramani ya shule tu. Kwa hiyo tajiri mmoja wa Mtendeni, hapa Tabora, aliponiajiri kukagua nta, akaniwekea karatasi ya Kiingereza kwamba nikiacha kazi kwake nisinunue wala kuyeyusha nta popote kuanzia Tabora hadi Ujiji kwa miaka mitano, nilicheka moyoni. Ujiji nitafuata nini? Nikatia sahihi ya madaha, yenye mkia, sahihi ya mtu wa sekondari. Haikunijia akilini kwamba safari ya Ujiji huanzia mlangoni kwangu.

Nilipoacha kazi nilijenga jiko la kuyeyushia nta nyuma ya nyumba yangu, Ipuli. Warina asali wa Ntalikwa wakaanza kuniletea masega. Mwezi haukuisha, tajiri akanishtaki, nikaitwa bomani.

"Sema hukuelewa ile karatasi," mke wangu alinisihi asubuhi ile. "Jiko likibomolewa tutakula nini, sahihi yako?"

Nikamwahidi.

Bwana Shauri, mzungu wa serikali aliyeamua kesi, aliitandaza karatasi mezani. "Uliisoma kabla ya kutia sahihi?"

Tajiri alinikazia macho. Karani naye, niliyesoma naye darasa moja, aliinua uso. Dirishani mke wangu alikuwa akitikisa kichwa: hapana, hapana.

"Niliisoma, bwana," nikasema. "Kila neno."

Tajiri akashusha pumzi. Bwana Shauri akachovya kalamu kwenye wino. Nilianza kufikiri nani atanunua masufuria yangu.

Mlangoni alisimama tarishi, Mzaramo. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako atakusimanga hata msibani, atajichukulia hata chako, na kununa huruhusiwi. Akaangua kicheko.

"Huyu ndiye wa kuzuiwa hadi Ujiji? Bwana, huyu akifika sokoni tu anamlilia mkewe! Babu zake walibeba pembe mpaka kwetu pwani, yeye mpaka Ujiji anafikishwa na karatasi!"

"Kimya wewe!" Bwana Shauri alifoka, lakini kalamu yake ilikuwa imesimama. Akaisoma tena karatasi, safari hii akifuata mistari kwa kidole, kisha akamgeukia tajiri. "Una duka Ujiji?"

"Hapana, bwana."

"Njiani je, kabla ya kufika ziwani?"

"Ni hili moja tu, la Mtendeni."

Akaiweka kalamu chini.

"Duka moja," akasema, "na unamfungia mtu riziki nchi nzima. Sheria haiyatambui mapatano kama haya, hata kama aliyasoma mara kumi. Akikuibia siri zako za biashara, njoo. Kwa kuyeyusha nta kwake, hapana."

Nilitoka nje. Mke wangu hakunipa hata pole. "Kila neno," alisema, akatangulia.

Jumamosi tarishi aliingia kwangu bila hodi, akapita hadi nyuma, akashika debe la asali safi niliyoiweka akiba ya mwaka.

"Utanizuia, Mnyamwezi? Lete karatasi."

Nikamtwisha kwa mikono yangu mwenyewe, nikasimama mlangoni kumtazama. Angalau mara hii, katika njia ile ya misafara, mzigo aliubeba Mzaramo.