Kichuguu Kati ya Viwanja Viwili

Mwaka 1948, karibu na mto Naviundu, kila aliyetaka nyumba ya matofali alitafuta kwanza kichuguu, maana udongo wa mchwa hushikamana vizuri. Kimoja, kirefu kuliko paa, kilisimama kati ya viwanja viwili: cha Adalbert, mtandika reli, na cha Mama Léonie, mjane mwenye binti watatu. Kibanda chake cha nyasi kisingestahimili msimu mwingine wa mvua.

Reli iliyobebwa na wanaume wanane, Adalbert alishika ncha moja peke yake. Walipogombania kichuguu, Mama Léonie alisema, "Mungu akate hii kesi."

"Muzuri," alijibu Adalbert. "Kila muntu achimbe upande wake. Kwenye tutakutana, pale njo mupaka."

"Kumbe mikono yako njo Mungu?"

"Njo Yeye alinipatia."

Majirani walicheka. Mjane akachukua jembe.

Kufikia Septemba, Adalbert alikuwa amevuka katikati zamani. Sururu yake ililia karibu na mlango wa mjane. Alitaka tanuru moja kubwa la kuonwa na mji mzima, hivyo matofali yake mabichi yalipangwa kwa maelfu, wazi, yakingoja. Mama Léonie na binti zake walichoma machache machache, kama ugali wa jioni moja.

"Mama, unapika matofali ao bukari?"

"Bukari ya kuiva inakulika, Adalbert."

Jumapili moja, baada ya misa, wingu lilitokea mahali ambapo hakuna aliyetazama, likamwaga mvua kabla ya msimu wake. Adalbert alikimbia na turubai, likapeperuka. Akakumbatia matofali kumi, ishirini, akayapeleka ndani, akarudi. Sijui kama kuna aliyewahi kufanya kazi kama ile. Safari ya mwisho alisimama uani, mikono iliyoinua reli imejaa tope, na tope likapita kati ya vidole vyake.

Wengine wangemlaani mchawi. Yeye, nguo zikichuruzika bado, alikwenda kwa jirani.

"Mama, kesi imekatwa."

"Na nani?"

"Na Ule mwenye ulisema."

"Na ile mikono?"

"Iko. Sema iende wapi."

Mvua kubwa zilikuwa bado majuma manne. Kila alipotoka kazini, Adalbert alikanyaga tope lake mwenyewe na kulifanya matofali ya mjane. Akayachoma, akajenga, akaezeka. Mwaka ule yeye na mkewe Annie walilala chini ya nyasi zinazovuja, na sikusikia kwamba alilalamika.

Ninalolifikiria zaidi ni jambo dogo. Kila jioni, kabla ya kunawa mikono, alifunika kila safu ya matofali kwa majani, taratibu, mbingu ikiwa nyeupe kabisa, bila wingu.

"Adalbert, iko jua!" Mama Léonie alimcheka.

"Ninaona, mama," alisema, akiongeza majani.