Waya wa Mafuta Uliokatika Kiromo

Jumatano ya kwanza baada ya Pasaka mwaka huu tulimzika baba yangu. Siku ya tatu ya matanga jirani aliwasha pikipiki yake nyuma ya uzio, na moshi wenye harufu ya petroli na oili iliyoungua ukaingia hadi kwenye mkeka niliokalia. Wenzangu walifunika pua kwa khanga. Mimi niliuvuta ndani, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya asubuhi za baba, miaka ya themanini, tulipokuwa tukiishi Bagamoyo na kila kitu kimeadimika madukani, kuanzia sabuni hadi vipuri.

Baba alikuwa mhudumu wa afya, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo vijijini. Kwa kazi hiyo alipewa baiskeli yenye injini, ambayo watoto wa mtaani kwetu waliiita tukutuku. Ilikuwa na pedali kama baiskeli yoyote, lakini ukishaiwasha unazungusha mpini wa kulia, waya mwembamba unavuta mafuta, na injini inakubeba. Chanjo zilikaa katika kikasha chenye mabonge ya barafu. Barafu ikiisha kuyeyuka dawa imeharibika, na akina mama waliotembea tangu alfajiri watarudi makwao na watoto wasiochanjwa, hadi mwezi unaofuata. Kwa baba hili halikuwa jambo la kazi tu. Mwaka mmoja kabla ya kisa hiki surua ilimchukua mdogo wangu Petro, naye alikuwa bado hajachanjwa. Baba hakulizungumza, lakini tangu hapo hakuwahi kuchelewa kliniki hata moja.

Nilikuwa na miaka kumi. Likizo ya mwezi wa sita alinichukua niwe nakaa nyuma nikipakata kikasha, maana barabara ya Zinga wakati ule ilikuwa mchanga na mashimo, na kamba zililegea njiani. Jioni kazi yangu ilikuwa kuifuta tukutuku. Juma moja baba alilalamika kwamba mpini wa mafuta umekuwa mzito kuzungusha na unahitaji oili, lakini oili haikupatikana. Nilitaka kumfurahisha. Nilichukua chupa ya mama ya mafuta ya nazi, yale ya nywele, nikayadondosha tone kwa tone ndani ya ganda la waya mpaka mpini ukazunguka laini kabisa. Nililala nimejaa fahari. Sasa, kila mtoto wa pwani anajua kwamba kipupwe kikiingia mafuta ya nazi huganda, na mimi mwenyewe ndiye niliyeianika ile chupa juani kila asubuhi ili mama apate kuchana nywele. Haikunijia kichwani kwamba na ndani ya waya mlikuwa na mafuta yaleyale.

Kesho yake tuliondoka alfajiri kwenda kliniki ya Zinga, kuna baridi na umande. Mpini ulikuwa mgumu kuliko mwanzo. Baba akawa anaulazimisha kwa mikono miwili, na nyuzi za waya, nadhani, zikawa zinakatika mmoja mmoja. Tulipofika Kiromo nikasikia kitu kama mjeledi, na injini ikanywea. Baba alijaribu pedali, lakini kwenye mchanga ule, na uzito wa chuma kile, hatukufika hata nyumba ya tatu.

Kando ya barabara alikuwepo mama mmoja akikaanga vitumbua, Bi Tatu, ambaye baba alikuwa akimsalimia kila akipita. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akamgeukia baba. "Daktari, leo mgonjwa ni farasi wako?"

"Amekatika mshipa, Bi Tatu. Na barafu hainisubiri."

Baba aliuvuta waya nje. Kile kichwa kidogo cha madini ya risasi kinachoushika waya kwenye mpini kilikuwa kimeng'oka, na waya wote umepakwa kitu cheupe kilichochanganyika na mchanga. Akakigusa, akakitazama, hakukielewa. Bi Tatu akainama, akanusa, akapasuka kwa kicheko. "Yallah! Chombo chako kimesukwa nywele! Haya si mafuta ya nazi?"

Nilikuwa nimekumbatia kikasha, na ubaridi wake ulipenya gauni hadi tumboni. Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Ni mimi, baba. Niliyatia jana jioni."

Alinitazama kwa muda ulionitosha kumwona Petro katika uso wake. Kisha akasema, "Vizuri umesema. Sasa najua cha kusafisha. Kiweke kikasha kivulini, uje unishikie hapa."

Bi Tatu akatumiminia maji ya moto kutoka birikani, tukayapitisha ndani ya ganda la waya mpaka mafuta yakatoka. Kwa kuwa waya ulikuwa umefupika, baba alikata kipande cha ganda kwa kisu ili ncha ipate kuchomoza. Kilichobaki kilikuwa kichwa. Bi Tatu aliingia ndani akatoka na chubwi, ile risasi inayozamisha mshipi wa kuvulia, ya mume wake. "Akiuliza, nitamwambia imemezwa na samaki changu," alisema. Aliondoa karai jikoni akaweka kijiko cha chuma, na risasi ikalegea, ikang'aa, ikawa maji. Baba alikuwa amepitisha ncha ya waya katika jicho la kifuu cha nazi kikavu, akazitawanya nyuzi zake kama ufagio. Mimi nilishika kifuu kwa kitambaa, naye akamimina. Ilipopoa akakipasua kifuu, na kichwa kikabaki kimeung'ang'ania waya, kibaya, cheusi upande mmoja. Alikichonga kidogo kikaingia mahali pake.

"Nimeuza vitumbua miaka yote hii," Bi Tatu alisema, "cha risasi ndicho cha kwanza." Kile kijiko alikitupa, kisiguse chakula tena. Alitufungia vitumbua vinne katika jani la mgomba, akatufukuza kwa mkono.

Siku hizi waya kama ule unaning'inia madukani Zinga kwa mafungu, na vijana wa bodaboda wanaubadilisha huku wakiongea na simu. Chanjo zinakuja kwa gari, na kituoni kuna jokofu. Wajukuu zangu wamechanjwa bila mtu kukimbizana na barafu, nami nashukuru kwa dhati, sitamani zile shida zirudi. Ila katika maisha yangu nimekosea mara nyingi, na mara nyingi nimeweza kusema "ni mimi". Nadhani ni kwa sababu mara ya kwanza nilipolisema neno hilo likiwa zito, nilipewa kazi ya kufanya.

Siku ile tulifika Zinga jua limepanda, akina mama wameanza kufunga watoto migongoni waondoke. Muuguzi wa pale kliniki alifungua kikasha akatia mkono. Yalikuwa yamebaki mabonge mawili, madogo kama mayai ya kuku, yakielea. Alimtazama baba, akatikisa kichwa kukubali, akaita jina la kwanza. Baba alikwenda kunawa mikono yake iliyojaa masizi, akavaa koti lake jeupe, akaketi kumshikia mama wa kwanza mtoto.