Uji wa Mzazi

Kwa miaka saba nilibeba uji wa wimbi kuwapelekea wake za shemeji zangu. Kila aliyejifungua pale kwetu, karibu na Keroka, alipelekewa kibuyu, na mama mkwe aliamua mbebaji niwe mimi, kwa kuwa sina wa kunyonyesha. Nikabeba, meno nimeyauma.

Nikifika, mtoto anafunikwa. Kwetu waliamini kuna macho ambayo yakimtazama mtoto mchanga, vumbi na vijiti humganda kwenye ngozi vikamwingia mwilini, na dawa yake ni kumpaka siagi. Mama mkwe alisema macho hayo ninayo mimi, ati wivu wa tumbo tupu. Mwanamke yule alikuwa na mdomo!

Asichojua ni kwamba mwaka wa tano wa ndoa mimi na mwanawe tulikwenda hospitali mjini Kisii, tukapimwa wote wawili. Mimi mzima. Mbegu za mume wangu ndizo hazikuwa na uhai. Tukirudi alinisihi ninyamaze, atamwambia mama yake mwenyewe. Nikamwamini, mpumbavu mimi. Badala yake akanunua redio. Mama yake akianza habari za wajukuu, yeye anaongeza sauti, matangazo ya vifo yanajaa nyumba nzima. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Chake hakikuwa na mshindo wowote. Mimi hasira zangu nilizimalizia kwenye pareto, nikichuma maua yake mpaka vidole vinawasha. Nilimchukia huku nikimpikia.

Ningeweza kusema mimi. Sikusema, wala si kwa huruma. Nilitaka litoke kinywani mwake, maana likitoka kwangu lingeitwa uongo wa mgumba.

Kisha mke wa shemeji yangu mdogo akajifungua. Ilikuwa Sabato, watu wametoka kanisani, nyumba imejaa. Naingia na kibuyu, mama mkwe tayari anampaka mtoto siagi, nami hata sijamtazama. Huku anawaeleza wageni kwamba amempatia mwanawe msichana mwingine, wa Ogembo, kutoka nyumba yenye uzazi. Mume wangu alikuwa ameketi karibu na mlango. Nikamgeukia.

"Waambie daktari alisema nini."

Akatazama viatu vyake. "Alisema tumwachie Mungu."

Nikaketi palepale katikati yao, nikafungua kibuyu, nikaunywa uji wote. Uji wa mzazi, mgumba anaunywa mbele ya mzazi mwenyewe: hakuna tusi kubwa kuliko hilo, na kila mtu alilielewa. Maskini yule mzazi hakunikosea kitu.

Kesho yake mume wangu alinifuata jikoni, akanishukuru kwa kumsitiri. Nilimwambia asinishukuru, bado namsubiri aseme. Hakusema. Msichana wa Ogembo akaletwa, mpole, anacheka ovyo, na mimi nikakaa nikitazama nione mama mkwe atakavyoumbuka.

Miaka mitatu ikapita bila mtoto. Asubuhi moja nikamwona mama mkwe akimkabidhi yule msichana kibuyu cha uji. Nilimvuta mke mwenzangu mpaka kwenye pareto, nikamwambia yote, hospitali na kila kitu. Nilidhani atalia, au atamlaani mume wetu. Alikiweka kibuyu chini taratibu.

"Dada, siku waliponileta ulikuwa unajua?"

Nilikuwa najua.